Doa Katikati ya Kadi

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda kumalizia kadi za harusi ya jirani. Kaka yangu alikuwa ameniachia funguo za duka letu la kuchapa, akasema ana homa. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: wino haukolei sawasawa, nirekebishe, nichape, nifunge. Marehemu baba alitufundisha sote wawili ile mashine ya kukanyaga kwa mguu, na mikono yangu haijaisahau.

Nikawasha taa. Nikachapa kadi moja.

Pembeni herufi zilitoka nyeusi tii. Katikati zilififia, kama zimepumuliwa na mtu zikiwa mbichi.

Nikatazama rola. Safi, zinagusa kila mahali. Wino si mzito. Herufi za risasi nikazigonga taratibu kwa kibao hadi zikalala usawa mmoja. Nikachapa tena.

Doa lile lile.

Nikampigia kaka.

"Bandika karatasi mgongoni," alinong'ona.

Mgongoni ni nyuma ya kadi, penye tabaka za karatasi zinazoifanya igandamizwe vizuri. Palipofifia, unaongeza kipande chembamba kwa gundi. Hapo panasukumwa mbele, wino unashika. Ndivyo wachapaji tufanyavyo.

"Mbona unanong'ona?"

"Watoto wamelala. Bandika tu, mdogo wangu. Hiyo mashine ni mama mkwe, haikosi la kulalamikia."

Nikacheka. Nikabandika. Nikakanyaga.

Pah...

Kifua kikanibana.

Nilidhani ni harufu ya mafuta ya taa tunayosafishia rola. Kadi ikatoka, na doa lilikuwa limetanuka. Nikabandika kipande kingine juu ya kile cha kwanza.

Pah...

Safari hii nilishika ukingo wa meza. Ilikuwa kama mtu mzima amenikalia kifuani. Na ile harufu haikuwa ya mafuta ya taa. Ilikuwa ya jasho... jasho la mtu niliyemjua.

"Bado?" Kaka hakuwa amekata simu.

"Bado."

"Ongeza."

Hakuuliza kwa nini nahema.

Nikakata simu mimi. Kisha nikafanya jambo ambalo mchapaji mwenye haraka halifanyi: nikafungua kibano kinachozishika zile tabaka za mgongoni, nikazitoa zote, moja baada ya nyingine.

Chini yake palikuwa na kitu cha kijani.

Mtandio wangu. Kipande chake, kimekatwa kwa mkasi. Mtandio nilioutafuta mimi na mama nyumba nzima, na kaka mwenyewe akapiga magoti kunitafutia chini ya kitanda.

Kitambaa kikiwa hapo, wino ulipaswa kukolea kupita kiasi. Huu ulikimbia. Na kila karatasi niliyoibandika, nilikuwa nikiigandamiza juu ya kifua changu mwenyewe.

Chini ya mtandio kulikuwa na kitambaa kingine, kikavu, kimeganda kwa wino wa zamani. Kola ya shati la baba, yenye harufu ile ile ya jasho. Baba aliyekufa akitafuta pumzi, mwaka ule ule wateja walipoanza kupanga foleni.

Mlango ukafunguka.

Kaka. Simu ingali mkononi. Hakuwa na homa.

"Rudisha," alisema kwa sauti ya chini.

"Kaka... mimi?"

"Baba hatoshi tena. Mimi nina watoto. Wewe huna. Ulitaka nimchague nani, dada?"

Alikuwa analia. Machozi ya kweli, nayajua machozi yake tangu utoto. Hata leo siwezi kumwita mnyama. Alitupima mmoja mmoja, kama mzazi mwenye hofu, akaniona mimi ndiye mwepesi zaidi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kifua.

Nilipita ubavuni mwake na kipande cha mtandio wangu ngumini. Hakunizuia. Nilipofika kona ya mtaa, nikasikia.

Pah... pah... pah...

Kifua changu kilikuwa chepesi kabisa.

Alfajiri nilimpelekea funguo zake, sikutaka chochote cha mle kibaki kwangu. Nilimkuta anapanga kadi kwenye boksi. Nikaichukua moja. Wino ulikuwa umekolea vizuri, ukingo hadi ukingo.

"Umeweka nini?" nikamwuliza.

Aliendelea kupanga. Hakuniangalia.

"Mama ameamkaje?"

Mama anaishi kwangu. Nilikuwa nimemwacha kitandani, amejifunika shuka, na nilitembea kwa kunyata ili nisimwamshe.