Ufunguo Ndani ya Buti

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika barabarani, Maren Tollefson aliwanyonyesha kwa chupa wanakondoo waliokosa mama. Walikaa ndani ya boksi kando ya jiko la kuni, na walipomwona walilia wote kwa pamoja. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mama yake. Mama alifariki mwezi wa Oktoba, theluji ya kwanza ilipofunika vilima vya Montana, na tangu hapo chupa zikawa za Maren.

Asubuhi moja ya Machi, baba yake, Dale, alikuwa amekaa mezani mbele ya kahawa iliyokwisha kupoa. Hakuwa amenyoa ndevu.

"Baba, Pip yuko wapi? Sijamsikia leo."

"Nimempa Orrin."

"Umemwazima?"

"Nimempa, Maren. Atamtunza vizuri."

Maren alibaki amesimama na chupa mkononi. Pip alikuwa mbwa wao wa kuchunga, aliyeweza kugeuza kundi zima kwa kulitazama tu. Mfugaji wa kondoo aliyebanwa na shida huweza kuuza gari lake, hata sehemu ya ardhi yake. Mbwa wake hampi mtu, tena kondoo wakiwa wanazaa.

Kwenye basi, Tobin, mtoto wa jirani yao Orrin Skaar, alikuwa akimsubiri kwa tabasamu.

"Asante kwa mbwa. Baba anasema mzee wako amekuwa mtakatifu siku hizi. Juzi kampa mjomba wangu tandiko lake la farasi. Mwambie asinisahau, mimi nataka ile pikapu."

Watoto wakacheka.

"Nyamaza, Tobin."

"Nakutania tu, wewe. Mbona umenuna?"

Maren aligeukia dirisha. Alikumbuka maneno aliyosema baba Jumapili, huku akiosha vyombo, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa: kwamba nyumbani kwa Shangazi Bernadine pangemfaa Maren kuliko pale. Tandiko, mbwa, na sasa maneno hayo. Watu wote wa bondeni waliona ukarimu. Maren alimwona mtu anayefungasha kwa safari asiyotaka kuitaja.

Ukumbini kwao palikuwa na kabati la chuma lenye bunduki za familia, pamoja na ile aliyokuwa akiwindia mama. Bondeni hapakuwa na nyumba isiyo na bunduki. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Jioni ile Maren aliuchukua na kuutumbukiza ndani ya buti la mama, ambalo lilikuwa bado pale mlangoni lilipoachwa. Hakumwambia mtu yeyote.

Jumamosi asubuhi mbweha waliingia zizini. Pip hakuwapo kubweka. Dale alizisikia kelele, akakimbilia msumarini, akaukuta mtupu.

"Maren, ufunguo uko wapi?"

"Sijui."

Alipekua droo, akapekua makoti, kisha akatoka na koleo mikononi. Mbweha walikimbia, lakini walikuwa wamekwisha kuua wanakondoo wawili. Maren alimtazama dirishani akiwabeba mmoja kila mkono. Aliporudi ndani, mikono ya shati lake ilikuwa na damu.

"Watarudi," alisema. "Kama unajua ulipo, niambie, mwanangu."

Maren alikwenda mlangoni, akalileta buti la mama, akaliweka mezani. Ufunguo uligonga ndani yake.

"Niliuficha mimi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa, Baba. Umempa mtu Pip. Umempa mtu tandiko. Umesema nikakae kwa shangazi. Niliogopa kwamba unataka kujiua."

Alisubiri kugombezwa. Baba yake aliutoa ufunguo ndani ya buti, akauweka mezani, akalia.

"Nimefikiria hivyo," alisema. "Si kila siku. Lakini nimefikiria." Alijifuta uso. "Ufunguo huu si wa kukaa na wewe. Na mimi pia sasa hivi sitaki kukaa nao. Mpigie simu shangazi yako."

Bernadine, dada yake Dale, alifika haraka na pikapu yake. Alimkumbatia kaka yake palepale mlangoni.

"Ungeniambia, Dale."

"Ningeanzaje?"

"Ungeanza tu. Ningekuja hivihivi." Alimwachia, akautazama ufunguo mezani. "Tuzipeleke bunduki dukani kwa Wendell."

Uso wa Dale ulibadilika. "Nipeleke bunduki zangu mjini kama mtoto aliyenyang'anywa manati? Bonde zima litasema."

"Nani kakunyang'anya? Unazipeleka mwenyewe, na mwenyewe utazifuata. Orrin huweka zake kwa Wendell kila watoto wa dada yake wakija likizo. Umewahi kumcheka?"

Dale alichukua kofia yake.

Bernadine alihakikisha hakuna bunduki yenye risasi, akazipakia. Wendell Pruitt, mwenye duka la bunduki, aliwapokea bila kushangaa. Nyuma ya duka lake kulikuwa na chumba chenye mlango wa chuma.

"Za muda gani, Dale?"

"Sijui."

"Basi tuseme mpaka utakapojua." Wendell aliibeba bunduki ya mama kwa mikono miwili. "Mwaka ule nilipofiwa na mke wangu, kaka yangu alinitunzia zangu. Nilimtukana njia nzima. Siku ukizitaka, njoo na Bernadine. Tutakunywa kahawa kwanza, tuone unaendeleaje."

Kutoka dukani walikwenda moja kwa moja hospitali, naye Dale akamweleza daktari yale aliyomweleza binti yake. Jioni, Bernadine alipokwisha kumweleza, Orrin alimrudisha Pip, akakaa kulinda zizi kwa bunduki yake mwenyewe. Tobin alishuka garini akitazama viatu vyake.

"Sikujua, Maren."

"Hata mimi sikutaka kujua," Maren alisema.

Mwezi wa Juni, wakati wa kunyoa kondoo manyoya, Dale alikuwa akihudhuria kliniki kila wiki. Zilikuwapo bado siku ambazo hakumaliza chakula chake, na buti la mama lilikuwa bado mlangoni. Bunduki zilikuwa bado kwa Wendell.

Siku moja walipokuwa wakifunga manyoya kwenye magunia, Dale alisimama.

"Maren, siku ile ulinidanganya kuhusu ufunguo."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekwisha kukusamehe. Lakini sikiliza. Kuficha kulinichelewesha tu. Kilichonisaidia ni pale uliponiambia ukweli usoni. Ukimwogopea mtu tena hivyo, hata nikiwa mimi, usikae nalo peke yako. Mwambie mtu mzima siku hiyohiyo, na asipokusikia, mwambie mwingine. Ule haukuwa mzigo wa mtoto. Samahani kwamba uliubeba."

Maren aliitikia kwa kichwa, akafunga gunia lake.

Kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni sasa inaning'inia filimbi ya kumwitia Pip. Kila asubuhi Dale huichukua anapokwenda kazini malishoni. Maren huwanyonyesha wanakondoo, kisha husimama barabarani akisubiri basi, na hapandi mpaka aisikie filimbi ikilia kutoka kilimani.