Pumzi ya Jumanne

Asubuhi ya Jumatano Njiwa alikunywa chai iliyokuwa bado inatokota. Alimaliza kikombe kizima bila kuipuliza hata mara moja, na mvuke ulipanda wima mbele ya uso wake bila kuyumba. Mama yake aliliona hilo akiwa anatafuta funguo za duka. Akamwambia atajiunguza. Njiwa akatabasamu, akaosha kikombe chake, akaosha na vya wengine, kisha akachukua mkoba wake akaenda shule.

Kuosha vyombo ndiko kulikomshangaza mama kuliko ile chai. Mwaka mzima huo binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa kama mpangaji asiyeelewana na wenye nyumba. Alikuwa kidato cha tatu. Alikuwa anarudi shuleni macho mazito, anajikuna pua, anajibu mkato, anasinzia na kijiko mkononi. Mama alizijua dalili hizo kuliko mwalimu yeyote, kwa sababu aliziona kila siku upande wa pili wa kaunta.

Wateja walimwita Mama Dawa. Duka lake lilikuwa njia panda karibu na shule, na kengele ya saa tisa ikilia wanafunzi walikuja wawiliwawili, mashati nje ya sketi na suruali, wakaomba vile vya kutulia. Vilikuwa vidonge vikali vya maumivu, vya watu waliotoka kupasuliwa, na havikutakiwa kutoka bila cheti cha daktari. Mama Dawa aliwafungia vidonge katika vipande vya gazeti. Alijiambia kwamba wasipovipata kwake watavipata kwingine, na kwamba watoto wa watu wana wazazi wao. Kuhusu wa kwake alijiambia ni ujana, utapita. Kila Jumamosi Njiwa alimsaidia dukani, akikaa kwenye stuli fupi, na kopo la vidonge hivyo lilikuwa kwenye rafu ya chini.

Baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, aliyapokea mabadiliko kwa furaha. Alisema labda mwalimu mpya wa hesabu amemroga mtoto, basi na aendelee kumroga. Akacheka mpaka akakohoa, maana kifua chake kilikuwa kimekula moshi wa miaka ishirini.

Alhamisi ilikuja harufu. Ilikuwa kama dawa ya kikohozi iliyomwagikia nguo mbichi, zikaachwa zikavunda. Mama alipiga deki chumba cha Njiwa, akaanika godoro, akachungulia chini ya kitanda. Hakupata kitu. Lakini jioni, Njiwa alipohama kutoka kochi moja kwenda jingine, harufu nayo ilihama.

Ijumaa mama alirudi mapema, kichwa kinamgonga, akajilaza. Ukuta kati ya chumba chake na cha Njiwa ulikuwa mwembamba, na alimsikia mtoto anapumua. Baada ya muda akagundua kwamba pumzi ile ilikwenda sawasawa na yake. Akivuta, inavuta. Akishusha, inashusha. Kwa kujaribu tu, akabana pumzi. Upande wa pili kukanyamaza. Akaendelea kubana mpaka macho yakaona nyota na masikio yakaanza kuvuma, na ukuta ukawa kimya kama hakuna mtu aliyewahi kulala nyuma yake, na alipoachia kwa kishindo akasikia upande wa pili nako kunaachia, kwa kishindo kilekile, kisha kitu kikacheka kidogo kupitia puani.

Hakumwambia mumewe. Angemwambia nini?

Jumapili mchana, baada ya kula, fundi alipitiwa na usingizi kwenye kiti chake sebuleni. Mama alikuwa uani anakamua nguo. Alimsikia mumewe anakoroma, mkoromo wake wa siku zote, kisha akasikia mkoromo unapungua, unakaa mbalimbali, unakuwa kama maji yanayokwenda mwisho kwenye bomba, na bila kujua kwa nini akaitupa shuka kwenye beseni akaingia ndani na mikono yake inachuruzika, na hapo mlangoni akamwona Njiwa ameinama juu ya baba yake, mikono nyuma kama mtoto mwenye adabu, kinywa chake wazi juu ya kinywa cha baba bila kugusana, koo lake linapanda na kushuka polepole kama la mtu anayenyonya kwa mrija, na midomo ya fundi imekuwa rangi ya wino.

Njiwa akainua kichwa bila haraka.

"Baba anakoroma," akasema. "Nilikuwa namsikiliza."

Mama alimtikisa mumewe mpaka akazinduka, akatapika, akauliza ni saa ngapi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano Njiwa alikuwa na rangi mashavuni.

Ndipo walipomwita mama mmoja wa mtaa wa pili aliyeshona magodoro. Watu walimpelekea magodoro mchana kweupe, na matatizo mengine walimpelekea kwa kunong'ona. Alikuja Jumatatu saa nane, Njiwa akiwa amezuiwa kwenda shule. Hakuja na hirizi wala moshi. Alikuja na sindano yake ndefu imechomekwa kwenye kola, na kioo kidogo cha mkobani. Aliketi kitandani kando ya Njiwa, akamshika mkono kama anayemsalimu mgonjwa, akamwekea kioo chini ya pua.

Yeye, mama na fundi, wote watatu walikitazama kwa muda mrefu. Kioo kilibaki safi.

Mshona magodoro akauliza, kwa sauti ya chini, ni nani aliyeko ndani. Njiwa akageuka akamtazama mama yake, si yule aliyeuliza. Sauti ilikuwa ya Njiwa, ile ya zamani, kabla ya ujeuri.

"Sikumuua mimi," ikasema. "Nilimkuta."

Kile kitu kikaeleza bila pupa, kama mtu anayesimulia safari. Ilikuwa Jumanne, nyuma ya stoo ya maabara, saa ya michezo. Binti alikuwa amemeza vidonge, akaona vinachelewa, akaongeza vingine na dawa ya maji juu yake. Akalala chali. Akakoroma. Pumzi zikaanza kukaa mbalimbali. Kati ya moja na nyingine kulikuwa na nafasi ya kuingiza kidole, kisha mkono, kisha mwili mzima. Kilikaa kikasubiri pumzi ifuatayo, kwa heshima, na haikuja.

"Nyumba tupu na mlango uko wazi," kikasema. "Ningelala nje?"

Fundi alikuwa ameshika nguzo ya kitanda. Akauliza kama mtoto wake alikuwa peke yake.

"Alikuwa na mwenzake. Mwenzake aliona midomo inageuka, akakimbia. Angeita mtu, huyu angepona. Muda ulikuwepo. Nusu saa nzima." Kisha kikamrudia mama, na macho ya Njiwa yakawa na huruma iliyokuwa mbaya kuliko chuki. "Alikuita, Mama. Mara mbili. Mara ya pili hakuwa na sauti, nilimwona midomo tu."

Mama Dawa hakulia. Aliuliza vidonge vilitoka wapi, ingawa hakuna aliyekuwa anajua jibu kuliko yeye.

Mshona magodoro akawatoa wazazi chumbani, akawapeleka sebuleni. Aliwaambia kwa upole kwamba kukitoa anaweza, na si kazi kubwa. Lakini kikitoka, kitakachobaki kitandani ni cha kuzika, na cha kuzika siku hiyohiyo, maana kimekaa tangu Jumanne. Hakuna binti wa kurudisha. Na wakikiacha, wajue hakina pumzi ya kwake. Kitavuta ya aliye karibu, na aliye mzito wa dawa au wa usingizi ndiye mwepesi kwake.

"Kitoe," fundi akasema. "Nimzike mwanangu."

Mama alisimama akauweka mgongo wake kwenye mlango wa chumba. Akasema leo hapana. Mumewe akamsihi, akapiga magoti, mtu mzima yule mwenye mikono ya makovu ya moto. Akamwambia kilicho humo si Njiwa. Akajibu kwamba kinamwita Mama, na kwamba hicho kinamtosha. Mshona magodoro aliwatazama, akairudisha sindano kwenye kola, akasema wakielewana wamtumie mtu, ila wasichelewe. Fundi naye akatoka kwenda kumchukua kaka yake mkubwa, ambaye Mama Dawa hakuwahi kumbishia. Mpaka anafika getini alishasimama mara mbili kutafuta hewa.

Mama Dawa akabaki peke yake na pumzi ile nyuma ya mlango. Sasa ilikuwa inafuata yake tena.

Saa tisa na nusu geti liligongwa. Alikuwa rafiki yake Njiwa, msichana wa darasani kwake waliyemwita Mrefu, na sare yake ya shule, mkoba ameukumbatia kifuani. Alikuwa amekonda. Alisema amekuja kumwona mwenzake. Halafu, kabla hata hajakaribishwa kiti, yote yakamtoka. Kwamba Jumanne walikuwa pamoja. Kwamba yeye alimeza viwili tu. Kwamba Njiwa alianza kukoroma, na yeye akacheka, akajua amelala. Kisha akaona midomo na kucha zimegeuka rangi, akamtikisa, hakuamka.

"Kwa nini hukuita mtu?" mama akauliza.

"Niliogopa tutafukuzwa shule."

Alisema kesho yake alipomwona Njiwa kaingia darasani anatabasamu, alikwenda chooni akalia kwa furaha. Lakini tangu siku hiyo Njiwa akikaa karibu naye kifua kinambana, na usiku hapati usingizi hata kidogo. Mwishoni, huku anatazama sakafu, akauliza kama Mama hana kitu cha kumsaidia kulala, hata kimoja tu, kisha ataacha kabisa.

Mama Dawa alimtazama. Shingo ndefu, kola imesafishwa vizuri na mama wa mtu. Kifua kinapanda na kushuka bila shida yoyote, bila hata kujua kinafanya nini. Akaingia chumbani kwake, akafungua begi la dukani, akarudi na vinne na bilauri ya maji. Akamwambia avimeze vyote, vya leo si vikali. Mrefu akashukuru, akameza. Mama akamsogezea mto, akamuuliza habari za mitihani. Majibu yakawa yanachelewa. Kichwa kilipoanza kuinama, alimshika kwapa, akamwinua kwa upole kama anavyoinuliwa mzazi aliyetoka kujifungua, akamwongoza mpaka mlangoni.

"Ingia, mwanangu. Mwenzako yuko macho."

Akafunga kwa nje.

Aliketi sakafuni na sikio lake kwenye ubao wa mlango. Kwanza alisikia kitanda kinalia, kisha Mrefu anauliza jambo kwa ulimi mzito, kisha mkoromo, na huo mkoromo ukaanza kupungua, ukakaa mbalimbali, na kila uliposita mama alijikuta anasogea karibu zaidi na ubao, anahesabu kwa midomo, anasema moyoni ivute, mwanangu, ivute yote, mpaka ukatokea mwanya uliopita mianya yote, na baada ya mwanya huo ikaja pumzi moja, ndefu, safi, ya mtoto mwenye afya, ikafuatwa na nyingine, na nyingine, na hazikuwa zinafuata za mtu yeyote.

Mama Dawa akafuta uso kwa kanga yake. Akaita jina la binti yake.

"Abee," ikajibu sauti.

Haikuwa sauti ya Njiwa.

Mlango uligongwa taratibu kutoka ndani. Alifungua kwa sababu mikono yake ilifungua. Mrefu alisimama hapo wima, anakunja kola yake, mashavu yamejaa damu. Alinyoosha vidole vyake vya mikono, kimoja kimoja, kama mtu anayejaribu viatu vipya.

"Huku kuna nafasi zaidi," akasema. "Kule kulishaanza kunuka."

Akaokota mkoba wake, akampita mama kwa kuinama kidogo kama inavyompasa mtoto kumpita mkubwa, akasema kwao wanamsubiri, wako wengi, na ana wadogo zake watatu wanaolala naye chumba kimoja.

Mama Dawa hakugeuka kumwangalia. Alikuwa anaangalia kitandani, kile kilicholala pale, siku sita zote zimekifikia kwa mara moja, na nzi wa kwanza ameshaingia dirishani. Nyuma yake alisikia geti linafungwa kwa uangalifu. Kisha barabarani akasikia sauti ya kisichana ikimwamkia jirani shikamoo, na jirani akaitikia marahaba, akasema watoto wenye adabu kama huyu siku hizi ni wa kutafuta.