Framboise za Harusi ya Berthe

— Donc leo unanijibu?

Berthe hakugeuka. Aliendelea kuponda framboise kwa mgongo wa kijiko, polepole. Matunda hayo madogo mekundu ya Ulaya, yaliyolowekwa katika chupa ya maji ya sukari, aliachiwa na madamu wake Mbelgiji aliyekimbia mwaka wa sitini. Kwa miaka minne aliitunza chupa ile kwa ajili ya harusi yake na Octave, karani wa posta.

Lakini Octave alitoweka mwezi wa Agosti, waasi walipoingia Kisangani. Baadaye René, rafiki wa Octave, akaleta barua iliyopigwa kwa mashine: "Berthe, niko Basoko na mwanamke mwingine. Usiningoje. René ni mutu muzuri."

Alilia hadi sauti ikamkauka. Na sasa, mchana huu wa Oktoba, René alikuwa amekaa mezani kwake, katika mtaa wa Mangobo, akingoja jibu la posa yake.

Berthe alikamua ndimu, akaongeza maji ya nanasi, kisha akamimina lotoko, pombe kali ya mahindi. Akakoroga, akajaza glasi mbili.

— Kunywa. Jibu langu ni ndiyo.

René akainywa yote kwa furaha, akaomba nyingine, kisha ya tatu. Glasi ya Berthe haikuguswa. Machozi yalikuwa yanamtoka.

— Bado unamulilia? René akafoka, ulimi umeshakuwa mzito. Ungemuona sasa, hata ungecheka. Wamemunyoa kichwa, iko anabeba maji kama punda!

Kijiko kikamdondoka Berthe.

— Nani wamemunyoa?

René akaisukuma glasi kando.

— Uliniambia iko Basoko na mwanamke. Nani wamemunyoa, René?

— Berthe, sikiliza…

— Iko wapi?

— Gereza kuu. Waasi waliuliza nani alitumikia serikali. Mimi nilitaja jina tu! Nilikupenda kabla yake, lakini hukuniona hata siku moja.

— Na barua?

— Ni mimi niliiandika.

— Toka.

— Alors, watamuua tu!

— Toka nyumbani mwangu!

Asubuhi Berthe alifunga chikwangue, mkate wa muhogo, na samaki, akaenda gerezani. Mlinzi kijana mwenye bunduki akamzuia.

— Wewe ni nani wake?

— Bibi yake wa ndoa, naapa.

Octave akaletwa, mifupa mitupu. Alipomwona, akarudi nyuma hatua moja.

— Umefuata nini? René alikuja hapa akasema mumeshaoana.

— Alitudanganya sisi wote. Ni yeye alitaja jina lako.

Octave akaziba uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Berthe akamshika mikono, akaishusha.

— Niangalie.

— Berthe, hapa watu wanaitwa asubuhi na hawarudi. Tafuta maisha yako.

— Octave, nimeapa mbele ya bunduki kwamba mimi ni bibi yako. Toka humu muzima, usinifanye muongo.

Mlinzi akaita kwamba muda umekwisha. Hakuna aliyeachia mkono wa mwenzake.