Nani Anaandika?

Kila siku kabla ya mapumziko, mwenye zamu katika darasa la Mwalimu Sylvanus, pale Kawajense, aliuliza kwa sauti, "Nani anaandika?" Wote wakishaitikia, "Tumemaliza!" ndipo alipozifunga kompyuta mpakato zilale bila kuzimwa, ili umeme wa sola utoshe hadi jioni.

Jumatano ilikuwa zamu ya Hana, binti wa wafugaji wa Kasokola. Nje, wenzake wa madarasa mengine walishaanza mchezo wa rede, na kwa rede Hana hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Hakuuliza. Mwanafunzi mwenzake, Joséline, alikuwa amebonyeza kuhifadhi insha yake kwenye flashi, akakimbilia msalani, na taa ya flashi ilikuwa bado inapepesa. Hana akaifunga kompyuta, akachomoa flashi, akaiacha mezani na kutoka mbio.

Baada ya mapumziko, Mwalimu aliichomeka flashi ile kwenye kompyuta yake. Insha haikufunguka. Kwa wiki mbili Joséline alikuwa ameandika maisha ya bibi yake, na mchana huo ndio ulikuwa mwisho wa kuituma kwenye mashindano ya mkoa. Maskini, akaangua kilio.

"Flashi yenyewe ya zamani hii," alisema Yotham, mwenzao darasani. "Imekufa."

Hana alijua kwamba akinyamaza, lawama zote zitabaki kwa flashi. Mwalimu akaichukua kompyuta aliyotumia Joséline, akaweka kidole kwenye kitufe.

"Hii nayo niizime kabisa, chaji imeshuka."

"Usizime, Mwalimu!" Hana alipaza sauti, machozi yakimlengalenga. "Flashi ni nzima. Ni mimi. Sikuuliza, nikaifunga ikiwa bado inaandika."

Mwalimu aliondoa kidole, akaifungua kompyuta taratibu. Insha ilikuwa palepale kwenye kioo, yote. Wakaihifadhi upya, na safari hii wakasubiri taa itulie, kisha wakaituma.

"Ililala na maneno bado kichwani," alisema Mwalimu. "Ningeizima, yangepotea. Hana, nyie nyumbani mnafunga zizi ndama wakiwa nje?"

"Hapana, Mwalimu. Baba anangoja hadi wa mwisho aingie."

"Basi na wewe uwe unangoja. Na ukikosea, sema mapema kama leo. Kosa likisemwa linarekebishika, likifichwa linaoza."

Zamu yake ilipofika tena, kelele za rede zilipoanza, Hana alisimama mlangoni. "Nani anaandika?"

"Mimi," alisema Joséline. "Bado mstari mmoja."

Hana akavuta kiti, akaketi, akangoja.