Damu ya Mara ya Pili

Kule Mushaki, mtu akikupa kinywaji, anaonja yeye kwanza. Anakuonyesha kwamba hakutia karuho, ile sumu inayoogopwa milimani.

Bayingana alifuga ng'ombe wanne. Mke wake, Daphrose, aliuza maziwa barabarani. Mwezi mmoja wa mvua, nyumba nzima ilikohoa. Nyiramana, mama yake Bayingana, alikohoa siku sita, akafa.

Kabla ya kuugua alikunywa mutobe wa ndizi kwa jirani yao, Libérata. Siku hiyo Libérata alisahau kuonja.

"Libérata njo alimuua," Bayingana alisema kwenye matanga.

Watu wakaacha kumsalimia Libérata. Wengine wakasema nyumba yake ichomwe.

Élie, muuguzi wa kituo cha afya, alikuwa amewatoa damu Bayingana na Daphrose walipokuwa wagonjwa. Baada ya wiki tatu akarudi na sindano.

"Tena?" Bayingana akauliza. "Tuko ng'ombe ya kukamuliwa?"

"Papa, damu ya kwanza peke yake haisemi kitu. Mama Daphrose, utajuaje kama maziwa imeganda?"

"Naangalia ya leo, naangalia na ile ya jana ililala."

"Njo vile. Kirusi cha grippe, ile homa ya mafua, kikiingia, mwili unatengeneza kingamwili, askari wake. Inaomba wiki mbili ao tatu wawe wengi. Kule labo, wanapopimia damu, wanachanganya damu yenu na kirusi, wanaona askari wanakizuia namna gani. Kama damu ya pili inakizuia sana kupita ya kwanza, grippe ilipita humu. Sumu haileti askari hao."

Daphrose akanyoosha mkono. Bayingana alikawia, kisha naye akanyoosha.

Majibu yalichukua mwezi.

"Askari wa grippe wameongezeka sana," Élie alisema. "Kwenu wote wawili."

"Na mama?"

"Damu yake hatukuipata, Papa. Lakini mulikohoa pamoja, nyumba moja. Grippe inamuachilia kijana, inaua muzee. Siku ingine, mwenye kukohoa asilale na muzee ao mutoto muchanga. Mugonjwa akipumua kwa shida, mumulete mbio."

Bayingana aliinuka. Akachukua kibuyu cha maziwa, akaenda kwa Libérata. Majirani walisimama njiani wakitazama.

"Mama Libérata, nilikukosea. Ilikuwa grippe."

Libérata alipokea kibuyu. Alimimina mutobe kikombeni, akakiinua ili aonje.

Bayingana alimshika mkono.

"Nipatie tu hivyo."

Akanywa mpaka mwisho, mbele ya wote.