Siku Kizito Alipovuka Ziwa

Treni iliyochelewa wiki tano iliingia Kindu saa nne asubuhi, na mji mzima ulikuwa stesheni kuipokea. Wachuuzi wa chumvi, askari, kuku waliofungwa miguu, mama wenye watoto mgongoni: wote walisukumana kama ndugu kwenye urithi. Katikati ya vurugu hiyo Katungu, kitenge chake cha manjano kimembana kiunoni na kilemba kimelala upande, aliweka mkono juu ya furushi la mipira ya ndani ya matairi ya lori. Mkono mwingine ukatua juu ya furushi lile lile. Ulikuwa mkono mrefu wa mwanaume, wenye makovu ya kamba.

"Dada, hii njo yangu," alisema mwenye mkono.

"Yako namna gani? Soma hapa. Geneviève, jina la mama yangu. Wewe unaitwa Geneviève?"

"Naitwa Kizito. Lakini kama iko lazima, nabadilisha."

Katungu alibana midomo asicheke. "Uko na lori ngapi?"

"Sina hata moja. Niko na ziwa."

Alieleza huku wakisukumwa na umati. Kila Jumapili alikodi lori upande wa Alunguli na kuwapandisha watu wa mji hadi Ziwa Kasambula, kule juu kwenye vilima vya Pangi. Asubuhi waliogelea ziwani. Mchana waliteremka kwenye mabwawa mawili yaliyochimbwa zamani na wazungu wa migodi ya bati, wakapiga kasia na kuchoma samaki. Mipira ilikuwa ya wale wasiojua kuelea.

"Tunaishi kando ya Lualaba, na muntu akianguka majini anaita mama yake," alisema. "Si aibu hiyo?"

"Mimi pia siogelei."

"Ndiyo maana nanunua mipira."

Jumapili ile ile Katungu alipanda lori. Maji ya Kasambula yalikuwa baridi, meusi, yamezungukwa na msitu pande zote, na ukungu ulikuwa bado haujaamka. Kizito alimweka ndani ya mpira akamvuta taratibu.

"Nimezaliwa hapa, chini ya mwamba ule," alisema. "Mwaka tisini na tisa. Mama alikimbia vita, akajificha huku na watu mia moja. Walikula samaki bila chumvi mwaka muzima. Wazee wakisikia Kasambula wanakumbuka kukimbia tu. Mimi nataka siku moja wakumbuke kucheka."

"Na mimi unanivuta wapi hivi?"

"Mbali na mipira mingine."

Ndivyo yalivyoanza. Baada ya miezi minne Katungu alielea bila mpira, na simu yake haikupumzika, akimpigia Kizito nyumbani kwa bibi yake, koko Albertine.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula sombe."

"Ya nani?"

"Ya koko Albertine. Nani mwingine atanipikia?"

"Nauliza tu. Nikisikia iko mwanamuke mwingine, nakuja na mwiko."

"Kuja basi. Koko anatafuta mwiko tangu jana."

Lakini vita ilikuwa imerudi mashariki. Njia ya Goma ilifungwa, na rafu za duka lao pale Alunguli zikabaki na sabuni na viberiti. Mama Geneviève, aliyekuja Kindu kutoka Butembo akiwa bibi arusi, akakata shauri: duka litahamia Kisangani kwa kaka zake. Lori la kwenda Lubutu, na kutoka huko Kisangani, lingeondoka Alhamisi.

"Na miye, mama?" Katungu aliuliza.

"Iko muntu amekuja kukuomba?"

Katungu alianza kupanga upya viberiti kwenye rafu.

"Basi tunaenda wawili. Binti ambaye hajaombwa habaki peke yake katika mji."

Hapo Katungu akapanga yake. Angempeleka mama ziwani Jumapili bila kumwambia Kizito. Wangesalimiana, wangekula pamoja, na mama angejionea mwenyewe kijana aliyefundisha nusu ya mji kuogelea.

Asichojua ni kwamba Ijumaa Kizito alikuwa ameketi mbele ya koko Albertine akasema, "Nimepata muke. Anaitwa Katungu." Kwao, jina la binti likishatajwa kwa wazee, mama yake ni mkwe. Kijana hamtazami usoni, hali mbele yake, wala hasemi naye mpaka wazee waende kumsalimu na kitenge na kuku. Na kumwonyesha mwili wake, hilo halitamkwi. Wazee wake wangekwenda Jumanne.

Jumapili ikafika. Kizito alikuwa majini hadi kiunoni, kifua wazi, kaptula imeshikamana na mapaja, akishika kidevu cha mwalimu mmoja mnene anayejifunza kuelea. Lori likasimama. Mama Geneviève akateremka na kitenge chake kigumu cha wax cha kanisani, mkoba mkononi.

"Kizito," Katungu aliita kwa furaha. "Angalia nani nimekuletea."

Kizito aliangalia. Akaachia kidevu cha mwalimu. Akageuza uso, akapiga mbizi. Alipoibuka alikuwa mbali, mikono inakata maji, na hakusimama mpaka ng'ambo, akatokomea ndani ya matete. Wakamsubiri mpaka samaki wa mchana, waliochomwa pale pale ufukoni, wakaungua. Hakurudi.

Mama Geneviève alirudi Kindu mkoba ameukumbatia kifuani. Walipofika nyumbani alivua viatu, akakaa.

"Mwaka tisini na nane, vita imeingia, baba yako aliinuka mezani akatoka inje bila neno. Nilikuwa na mimba yako. Mpaka leo sijui yuko wapi. Mwanaume anayeondoka bila neno, Katungu, miye nimeshaolewa naye. Wewe hapana."

Katungu alizuia namba ya Kizito usiku ule ule. Jumanne wazee hawakuja: koko Albertine alisema kijana aliyeonekana uchi na mkwe wake angoje mwezi mzima, aibu ipoe. Kizito angengoja. Lakini Alhamisi asubuhi alisikia kwamba lori la Lubutu linapakia mbele ya duka la Mama Geneviève.

Alifika akikimbia, amevaa shati jeupe la mikono mirefu, limefungwa mpaka kooni, jasho linatiririka. Alipofika mlangoni akageuka, akalielekezea duka mgongo.

"Ule anatuonyesha mugongo tena," Mama Geneviève alisema kutoka ndani.

Katungu akatoka. "Umefuata nini? Ziwa limekauka?"

"Katungu, umezaliwa Kindu. Haujui muntu haonekani kifua wazi mbele ya mukwe?"

"Mukwe wa nani?"

Kizito aliiambia barabara: "Ijumaa nilitaja jina lako kwa koko."

Wapakiaji waliacha magunia hewani. Katungu alimzunguka mpaka wakatazamana.

"Ulimutajia koko mbele ya kunitajia miye?"

"Nilikosa."

"Basi nitajie sasa."

"Hapa? Mbele ya watu wa lori?"

"Mbele ya mwalimu uliyetaka kumuzamisha, kama yuko."

"Nataka uwe muke wangu, Katungu. Nilitaka tangu stesheni."

Kabla Katungu hajajibu, sauti ya mama yake ilitoka dukani.

"Mwambie heshima yake nimeiona. Lakini labda baba yako pia alikuwa na sababu nzuri, na miaka yote hii sijaisikia. Akitaka mutoto wangu, aniambie miye sababu, kwa kinywa chake."

"Kizito, mama anasema..."

"Amesikia," mama alikatiza kutoka ndani. "Hana masikio?"

Kizito alikaza kifungo cha kooni. Kusema na mkwe kabla ya salamu ya wazee lilikuwa jambo la kumliza koko. Alifumba macho, mgongo bado umeelekea duka.

"Mama, ni miye Kizito. Nilikimbia kwa sababu sikuwa na nguo. Nilibaki kwenye matete nawaangalia mpaka mulipanda lori. Toka leo, nikitoka nitasema naenda wapi, hata kama ni kununua chumvi."

Ndani mkoba ulifunguliwa, ukafungwa. Dereva akachungulia dirishani. "Mama, tunaenda ao tunalala?"

"Tunaenda," alisema Mama Geneviève. "Wajomba lazima wasikie, na habari ya mbuzi wa mahari haisemwi kwa simu. Wewe Katungu unabaki na duka. Utalala kwa jirani yetu Mama Odette mpaka nirudi nao. Miye mukwe wake napita mulango wa nyuma. Mwambie apande ashushe sanduku yako."

Sanduku lilikuwa chini kabisa, chini ya mawese, magodoro na mashine ya kushona. Kizito alishusha nusu ya lori, shati jeupe likawa jekundu kwa mafuta, Katungu akimwelekeza kutoka chini: "Hapana, sheri, ile nyingine."

Mama Geneviève alizunguka kupitia shamba la karanga, mkoba umeficha uso kama mtu anayekinga jua, akapanda mbele karibu na dereva. Alikaa wima, macho kwenye njia ya Lubutu, na kioo cha pembeni hakukitupia jicho hata mara moja. Mabega yake tu ndiyo yalikuwa yakicheka.