Waya wa Chumba cha Kitinda

Rekoda ya televisheni ilirekodi kitu ambacho hakuna aliyeiagiza ikirekodi. Baba alikiona asubuhi alipokuwa akitafuta mpira wa jana yake: kwenye orodha, chini ya mpira, palikuwa na kipindi kisicho na jina. Akakifungua. Picha ilikuwa giza tupu, na ndani ya giza mtu alikuwa akichana nywele, taratibu, kitana kikikwama na kuachia. Akadhani ni tangazo la mafuta ya nywele. Akakifuta, akarudi kwenye mpira wake, na timu yake ikafungwa kama ilivyozoea.

Rekoda yenyewe ilikuwa ngeni nyumbani. Baba aliinunua kwa ajili ya mkewe, ambaye tangu afiwe na binti yao wa mwisho, Kitinda, alikuwa hatulii mahali. Aliketi sebuleni kidogo, akahamia chumbani, akaenda jikoni, kama mtu aliyesahau alichokifuata. Fundi Waya, msemaji sana lakini mikono yake safi, akaweka rekoda sebuleni, akapandisha waya wa antena darini, akafunga huko kigawanyi, kile kidude cha chuma chenye midomo ya kuugawa waya, na kila mdomo ukashusha waya kwenye chumba kimoja. Sasa Mama angeweza kuanza tamthilia sebuleni, akaisimamisha, akaimalizia kitandani. Fundi akasema televisheni itamfuata kama paka mwenye njaa, na Mama akakaribia kucheka.

Ulibaki waya mmoja wa zamani, ule ulioingia chumbani kwa Kitinda. Humo hamkuwa na televisheni tena, na waya usiofika popote huzibwa ncha kwa kizibo, au hufunguliwa kabisa kule darini, maana ncha ikiachwa wazi huchafua picha za nyumba nzima. Fundi akaomba ufunguo wa chumba. Mama, aliyekuwa akiuvaa shingoni, akakataa. Chumba kile alikifagia mwenyewe, akatandika kitanda kila asubuhi kana kwamba mwenyewe angerudi jioni, kisha akakifunga. Basi Fundi akasema ataufungua waya kule juu.

"Usimkatie mwanangu," Mama akamwambia. "Wote humu ndani wamewekewa. Na yeye muwekee."

Fundi akarudi darini. Akaukaza waya kwenye kigawanyi, akaiacha ncha yake wazi nyuma ya kitanda cha marehemu, akakusanya vifaa vyake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na msemo huo anaujua kila mtu, ila siku ya huruma huwa haukumbukwi.

Kipindi kisicho na jina kilirudi, na safari hii aliyekiona ni Mama. Hakukifuta wala hakumwambia mtu. Alianza kutazama akiwa peke yake, sauti ameipunguza, na akisikia hatua za mtu huzima. Ukumbini pakaanza kunukia mafuta ya nywele ya Kitinda, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi na kusahaulika kabatini. Chakula Mama alikichezea tu. Dada, binti mkubwa, muuza dawa, alikuwa akirudi kutoka kazini na kuikuta sahani ya mchana imefunikwa vilevile. Alijaribu kuzungumza na mama yake habari za kazini, za majirani, za chochote, naye akaitikiwa "ehe" kama mtu wa kupita. Yeye pia alikuwa amefiwa na mdogo wake, lakini pole zote zilipita juu ya kichwa chake zikamwendea Mama, na sasa alikuwa akimpoteza na mama mwenyewe, akimwona anaondoka hukuhuku amekaa.

Jioni moja Baba alikuwa barazani akakisikia chumbani kicheko cha mkewe. Alikuwa akizungumza na Dada, na Dada akijibu kwa sauti ya chini, ya kudeka. Baba alifurahi mpaka akainamisha uso, kwani alikuwa ameliombea jambo hilo, mama na mwana wakae waongee. Mara lango likalia, na Dada akaingia na mkoba wake wa kazini na mkate mkononi.

Walitazamana. Sauti za mabinti wale zilifanana tangu utotoni, hata kwenye simu baba yao aliwachanganya. Wakaenda kwa vidole vya miguu hadi mlangoni mwa chumba, wakasimama.

Kwenye televisheni kilionekana chumba cha Kitinda, kikitazamwa kutoka chini, nyuma ya kitanda, na juu ya kitanda msichana ameketi, amewapa mgongo, anachana nywele ndefu ambazo maradhi yalikuwa yamezimaliza zote kabla hajafa, na uso wake ulikuwa umeanza kugeuka, shavu na ncha ya pua tu, kama mtu anayegeuka kidogo kila siku ili asiwashtue, na Mama amepiga magoti mbele ya kioo cha televisheni, ufunguo mkononi, na ile sauti ikisema pole pole, "Mama, nifungulie basi. Nimechoka kukaa ndani."

Baba akakimbilia sebuleni, akaing'oa rekoda kwenye umeme. Picha kule chumbani haikuzimika.

Fundi aliitwa asubuhi. Alipanda darini akiwa bado na utani wake, akaushika waya wa Kitinda, akaukuta una joto kama mkono wa mtu. Akauvuta. Kule chini kitu nacho kikauvuta. Fundi alishuka bila ngazi, na utani hakuwa nao tena. Akaenda mwenyewe kumleta bibi mtabibu, kikongwe aliyejulikana kwa kutoa majini bila makelele. Bibi aliweka sikio kwenye mlango wa Kitinda uliofungwa, kisha akawageukia. Alieleza kwamba aliyemo si marehemu. Ni jini wa kupita njia, asiye na sura wala sauti yake, aliyekuta chumba kimetandikwa, hakina mtu, na tundu la kuingilia liko wazi. Bibi mwenyewe asingeweza kumtoa, kwa sababu aliyemkaribisha ni mwenye ufunguo. Mama lazima aingie mwenyewe, azibe ile ncha, na amkane kwa mdomo wake.

"Siwezi," Mama akasema. "Sauti ni yake. Mkiniondolea hiyo nitabaki na nini?"

Dada akamsogelea.

"Mimi, Mama," akasema. "Utabaki na mimi. Au mimi mpaka nife ndipo unitandikie?"

Mama alimtazama binti yake kama ndiyo kwanza anamwona, akaona alivyokonda. Akanyoosha mkono kwa Fundi, akapewa kizibo, kidude kidogo kama kokwa.

Alipofungua mlango, chumba kilikuwa kitupu. Shuka lilikuwa limebonyea pale mtu anapoketi. Mama alipiga magoti nyuma ya kitanda, akaushika waya, na kutoka kwenye ncha ya shaba sauti ikaja nyembamba, ya mtoto mgonjwa, ikisema yale yale aliyoyasema Kitinda siku ya mwisho, kwamba ana baridi, kwamba asiachwe, kisha ikaongeza, Mama usinizibe, huku kuna giza, na Mama akalia kwa sauti huku vidole vyake vikikaza, akisema, "Mwanangu alikufa mikononi mwangu. Wewe si yeye, toka," na akaendelea kukaza hata kizibo kilipogoma, mpaka Dada alipoingia akamshika mikono.

Nyumba ilitulia. Harufu iliondoka, Mama akaanza kula, akanenepa kidogo, na chumba kile kikafunguliwa madirisha. Anacheka na Dada, anamsuka nywele, anamshika shavu akitaka kuhakikisha. Lakini Dada akimwita kutoka chumba kingine, "Mama," haitikiwi. Mama hukaa kimya, macho mlangoni, pumzi ameibana. Kwa hiyo binti yule ameacha kuita. Huacha alichokuwa akikifanya, akaja mpaka mbele ya mama yake, akasimama aonekane uso, ndipo akasema.